Maisha ya Mama Yetu, Fundi Cherehani Aliyeitwa Mama Waya

Ndugu waombolezaji, mimi ni mtoto wa pili wa marehemu, na kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mama yetu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa wa nne kati ya watoto saba, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, akajifunza ushonaji kwa shangazi yake, na tarehe 6 Juni 1970 akafunga ndoa na baba yetu, fundi wa kupaka rangi, wakajaliwa watoto watatu kabla baba hajatutoka mwaka 1994.

Tarehe 3 Septemba 2003 mimi, fundi umeme, nilihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kuiba nyaya, wizi ulioacha mtaa mzima gizani siku tisa, ndipo mama akabandikwa jina la Mama Waya, wateja wakaja kuchukua vitambaa kabla havijakatwa, na wakwe watarajiwa wa dada yangu wakaomba muda wa kutafakari, ambao hadi leo haujaisha.

Kwa aibu, mama alihamia mtaa mwingine, akatangaza huko kwamba nimekwenda ng'ambo kusomea umeme, majirani wapya wakaanza kuniagiza viatu, naye akashindwa kukataa, akawapima nyayo kwa futi yake ya kushonea na kuziandika kwenye daftari. Jirani wa ukuta mmoja, ambaye mumewe alijulikana kuwa baharia, aliagiza jozi mbili.

Jumamosi tarehe 14 Februari 2004, akiwa kwenye foleni ya wageni gerezani, sabuni mkononi, mama aligeuka akamwona jirani huyo huyo, naye na sabuni yake.

"Kumbe meli hutia nanga hapa?" mama akauliza.

"Ndiyo, jirani, mbele ya chuo."

Walicheka hadi askari akawarudisha mwisho wa foleni. Wiki hiyo mama alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake, akisema, "Viatu havipo. Mwanangu aliiba, amefungwa, na bado ni mwanangu." Wengine walimfungia mlango, wengine walimletea vitambaa vya kushona, naye akashona hadi Novemba 2018, moyo ulipoanza kumsumbua.

Alifariki Jumanne tarehe 14 Mei 2019, saa nne asubuhi, akiacha watoto watatu na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, mafundi wenzake, majirani, na hasa mke wa baharia, aliyemwogesha hadi siku ya mwisho.

Kaka yangu ndiye aliyestahili kusoma hapa, lakini mama aliagiza nisome mimi, akimwambia kaka, "Wakimsikiliza dakika tano bila kushika mikoba yao, watakuwa wameshamzoea."

Nimetazama, Mama. Mkoba ulioshikwa ni mmoja tu, na ni wa shangazi yangu. Pumzika sasa, kwa amani.