Mpira wa Tyubu

Tulitoka Mtama kwenda Lindi, na kila mara dereva alipokata kona kitu kiligonga chini ya stelingi. Mama Antonia akamgeukia jirani yake, mwanamume mwenye grisi kwenye kucha. “Baba, mlio gani huo?”

“Tairodi, mama, ile inayogeuza tairi. Ncha imelika, ikafungwa mpira wa tyubu isichomoke.”

“Umejuaje, nawe umekaa?”

“Niliufunga mimi, kabla ya Ramadhani. Nikamwambia dereva mpira huo umfikishe Lindi tu, akanunue mpya.”

Ramadhani! Miezi mingi imepita, sasa hivi watu wanaokota korosho.

“Basi mwambie asimame!”

“Nimeshamwambia. Anasema kazi yangu imekubali.”

Tulipofika Mingoyo gari likasimama kupakia. Fundi akachukua begi lake, akashuka.

“Fundi, si ulikuwa unakwenda Lindi?”

“Nilikuwa, mama.”