Bi Zulfa Muksini na Wanaanga wa Kilimia

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Zulfa Muksini anastaafu, akiwa ameitumikia redio yetu kwa miaka ishirini na sita. Aliajiriwa mwaka 1998, redio ilipokuwa chumba kimoja, antena moja na jenereta iliyojichagulia siku za kufanya kazi. Vijana wa leo wanamjua kama mkuu wa vipindi anayekata maneno ya ziada bila huruma. Sisi wa zamani tunamjua kama mama wa Kilimia.

Bi Zulfa alizaliwa Biharamulo mjini, binti wa muuza vitambaa ambaye wazee wake walitoka Pangani. Alisomea ualimu, akafundisha Nyakahura miaka kadhaa, kisha akaja Ngara wakati wilaya imejaa wakimbizi na magari ya mashirika. Alipewa kazi ya kutayarisha mchezo wa redio utakaosikilizwa kambini na vijijini pia. Wakubwa walitegemea mchezo wa kuhimiza watu wanawe mikono. Yeye akawaletea chombo cha angani kiitwacho Kilimia.

Kilimia kilikuwa na wanaanga watano waliotafuta sayari ya kuishi baada ya yao kukauka. Mlango wa chombo ulikuwa pampu ya baiskeli. Injini ilikuwa cherehani ya Avelina, aliyeigiza daktari huku akikanyaga pedali. Mimi, fundi mitambo, nilipuliza chupa tupu ya soda ili upepo wa sayari uvume. Siku moja nilipaliwa hewani, na wiki nzima watu wakatuuliza yule mnyama aliyekohoa aliishia wapi.

Kapteni aliigizwa na Leonidas, mwalimu wa Kanazi mwenye sauti nzito. Fundi wa injini alikuwa Idefonsi, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa akiishi kambi ya Lukole. Nje ya studio walikula sahani moja. Ndani ya chombo waligombana kila Jumamosi, na watu waliacha majembe ili wawasikilize.

Mwaka wa pili Bi Zulfa aliandika sehemu ambayo mpishi wa chombo anaachwa kwenye sayari. Hewa iliyobaki haiwatoshi wote. Kapteni anaamuru waondoke, fundi anakataa na kuzima injini. Tulikuwa tukirusha moja kwa moja. Wiki hiyo migomba ya Leonidas ilikuwa imekatwa usiku, na mtaani kila mtu alisema ni watu wa kambini. Alipofika kwenye amri ya kapteni, akaongeza maneno ambayo hayakuandikwa.

"Kumbuka humu ulipokelewa tu," alisema. "Mgeni hana amri."

Idefonsi aliweka karatasi mezani, akatoka. Avelina aliendelea kukanyaga cherehani, kwa kukosa la kufanya, mpaka tukaweka muziki.

Jumamosi iliyofuata hapakuwa na Kilimia. Watu walikuja getini. Wa vijijini walisema kapteni ana haki, hewa ni ya wenye chombo. Wa kambini walisema fundi ana haki, mtu haachwi. Karibu wapigane pale barabarani kwa ajili ya mpishi asiyekuwepo. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Bwana Shilinde, aliingiwa na hofu. Akamwambia Bi Zulfa atafute mtu mwingine wa kuigiza fundi, la sivyo mchezo ufungwe.

"Sauti ya mtu si balbu, Bwana Shilinde," Bi Zulfa alimjibu. "Ukimbadilisha Idefonsi, unibadilishe na mimi."

Alikuwa bado kwenye mkataba wa muda. Tulijua hatanii, kwa sababu alikwenda kufungasha vitu vyake. Bwana Shilinde akampa wiki moja.

Kesho yake Bi Zulfa alimchukua Leonidas kwa gari la redio mpaka Lukole, nami nikiwa dereva. Nimpaye, mke wa Idefonsi, alitukaribisha, akamtazama mgeni juu mpaka chini. "Kapteni ndiye huyu? Mbona mfupi hivi?"

Hakuna aliyecheka. Idefonsi hakuinua macho.

"Kapteni angesema yale, ningemjibu," alisema. "Lakini uliyesema ni wewe, mwalimu."

"Ni mimi," Leonidas alisema. "Walionikatia migomba siwajui, nikakutwisha wewe mzigo wao. Nisamehe, ndugu yangu."

Bi Zulfa hakuwasukuma, aliwaacha wenyewe. Mwishowe Nimpaye ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Na mpishi je? Mpaka sasa yuko kule peke yake bila hewa?"

Hapo ndipo Idefonsi alipocheka, na Leonidas akacheka huku akifuta macho. Jumamosi ile Kilimia kiligeuza njia. Walimchukua mpishi, wakapumua kwa zamu mpaka sayari iliyofuata, na kapteni akamwomba fundi radhi mbele ya wote. Getini walikuja tena, safari hii kutuambia kwamba hesabu yetu ya hewa haikuwa sahihi.

Mwaka 2007 familia ya Idefonsi ilirudi Burundi. Wengine tulishauri fundi afe kishujaa. Bi Zulfa alikataa katakata, akamwandikia safari ya kurudi kwao kwa chombo kidogo. Siku ya mwisho Leonidas alitakiwa aseme "Safari njema, fundi," naye sauti haikutoka. Bi Zulfa alinipa ishara nisiweke muziki. Tukasubiri, na wilaya nzima ikasubiri.

"Nafasi yako hapewi mtu," Leonidas alisema hatimaye.

Bi Zulfa aliliheshimu neno hilo. Kilimia kiliruka miaka mitatu zaidi bila fundi mwingine, wanaanga wakisaidiana kwenye injini.

Sasa anahamia Nyamahanga kulima maharage na dada yake, Semeni. Ametuonya tusimpigie simu asubuhi. Bi Zulfa, asante kwa kutufundisha kugombana bila kuachana. Tunakuombea afya, mvua za kutosha, na miaka mingi ya kusikiliza redio bila kalamu mkononi.

Elick Mihayo, fundi mitambo