Kikombe cha Mwenye Habari

Benchi letu ni taruma kuukuu la reli, limelazwa juu ya mawe mawili mbele ya duka la Ahmednur, katika kituo kidogo cha gari-moshi, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Sultan Hamud. Ahmednur alikuja na ng'ombe kutoka kaskazini, ng'ombe wakaisha, yeye akabaki na birika la kahawa ya tangawizi. Sheria ya benchi ni moja tu: mwenye habari mpya hunywa kikombe cha kwanza bure. Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko hapo hapo barazani, na kazi yangu ya pili, ambayo hakuna aliyenituma, ni kuwabandika watu majina. Kiilu alikuwa mtu wa breki kwenye gari la mizigo hadi walipomfukuza, nikamwita Breki. Nzioka alitoka shule ya misheni kabla ya kumaliza kitabu cha pili, nikamwita Nusu Kitabu. Asubuhi ile ya mwaka 1936 walikuwapo wote wawili, pamoja na mgeni mmoja mwenye fimbo aliyekaa kwenye ncha ya taruma, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kama hana goti.

Mulei, kibarua wa genge la kutengeneza reli, alipita mbele yetu, sanduku begani kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umekunjika kifuani, haushuki, haupandi. Hakutusalimu.

Breki: Mwaitu huyo anapita.

Nusu Kitabu: Anaenda wapi na sanduku?

Breki: Kwao Kilungu. Genge imemwachisha leo. Mkono haishiki nyundo, watamweka wa nini?

Nusu Kitabu: Lakini mfupa ulishika. Si plasta ilitolewa tangu mwezi wa tatu?

Breki: Hapo ndipo waliharibu. Plasta ikitolewa mbio, hewa inaingia kwa kiungo. Hewa ikishaingia haitoki.

Nusu Kitabu: Si hewa. Plasta ni chokaa. Mwili ulikunywa ile chokaa. Sasa ndani ya kiwiko iko ukuta.

Breki: Ukuta?

Nusu Kitabu: Ukuta kama wa nyumba ya stesheni. Ukimpasua utaona.

Ahmednur: Wallahi nyinyi. Hata ngamia akivunjika mguu, ukishamfungua lazima umtembeze. Usipomtembeza anabaki hivyo.

Breki: Mulei si ngamia, mzee. Mimi nitakuambia kweli. Huko dispensari wanatoa mafuta ya viungo. Kila kiungo cha mtu kina mafuta yake. Wanatoa kidogo kidogo, wanapeleka Mombasa, wanapaka magurudumu.

Nusu Kitabu: Hebu toka hapa.

Breki: Umesikia gari-moshi siku hizi? Inapita kimya. Zamani ilikuwa inalia mpaka Makindu. Mafuta imetoka wapi?

Nilicheka, nikasimamisha cherehani nisikie vizuri. Mgeni wa fimbo hakucheka. Alikuwa bado anamtazama Mulei akipanda njia ya kwenda milimani, sanduku likimlemea upande mmoja.

Ndipo akaja Ndolo, dresa wa dispensari, yule anayefunga vidonda na kukanda viungo, koti jeupe limefungwa hadi shingoni. Ahmednur alikuwa ameshashika birika. Ndolo hakosi habari.

Ndolo: Mimina, mzee. Ndugu yetu Kiema amekuja leo na mgongo. Anasema ameinua gunia. Gunia gani? Nimemkanda, nikamuuliza, akaniambia mwenyewe, mke wake ndiye amemsukuma na mlango.

Benchi lilicheka. Ndolo alipewa kikombe chake, akanywa kwa sauti. Kiema ni mzee wa kanisa, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa tayari natafuta jina.

Nusu Kitabu: Dresa, tuamulie kitu. Mkono wa Mulei imekufa na nini? Hewa ama chokaa?

Ndolo: Imekufa na uvivu. Mtu akivunjika, plasta ikitoka, kiungo kinataka kukunjuliwa kila siku. Maji moto, mafuta, halafu unavuta polepole. Inauma, sidanganyi. Wiki sita tu, na angekuwa anapiga nyundo leo. Yeye alikuja siku nne.

Mgeni alifungua kinywa kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu wa huko Kitui ndani.

Mgeni: Na akichelewa?

Ndolo: Nyama inashikana. Miezi mitatu ikipita, hata mimi siwezi tena.

Mgeni alijishika goti. Nikamuuliza ametoka wapi.

Mgeni: Migwani. Nilianguka kisimani nikichimba, nikavunjika mguu. Mbao zilitolewa kwa mguu wiki mbili sasa, na goti halikunji. Nikaambiwa huku reli iko dresa anajua kukunjua. Nimekuja siku mbili na lori ya ng'ombe.

Ndolo: Umefika. Ni mimi mwenyewe. Wiki mbili si mbaya, umewahi. Anza kesho.

Mgeni: Nina shamba la mlima. Bila goti sipandi huko.

Ndolo: Utapanda.

Niliona uso wa yule mtu ukilegea. Alishika kikombe chake kwa mikono miwili, akanywa kidogo, halafu akauliza jambo ambalo yeyote angeuliza.

Mgeni: Huyu wa sanduku alikuja siku nne. Ya tano, ni nini ilimzuia?

Breki: Kiburi.

Nusu Kitabu: Uvivu, si umesikia dresa?

Ndolo: Mimi nilimngoja. Maji yakapoa.

Wote walikuwa wanadanganya, na mimi nilinyamaza, na hiyo ni njia yangu ya kudanganya. Siku ya nne Ndolo alikuja kuchukua kikombe chake hapa kama kawaida, akatuambia kwamba akimvuta Mulei mkono, Mulei anamwita mama yake. Anaita “mwaitu, mwaitu” kwa Kikamba, machozi yanafika kidevuni. Mulei, ambaye siku ya kutahiriwa alisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, na rika lake lote linajua hivyo. Breki alicheka hadi akamwaga kahawa. Mimi nikasema basi, tangu leo ni Mwaitu. Kufikia jioni genge zima lilikuwa linaitikia jina hilo, na wanawake kisimani pia. Kesho yake Mulei, akienda dispensari, alifika hadi hapa kwenye benchi, akasikia mtu anamwita Mwaitu, akageuka akarudi kambini. Nilimwona, maana nilikuwa ninamshonea mtu suruali papa hapa, nikaendelea kushona.

Mgeni: Kwa nini mnamwita Mwaitu?

Breki akamweleza, tena kwa kuigiza, kiwiko juu, macho yamefumbwa. Nusu Kitabu alicheka peke yake. Ndolo alikuwa anatazama ndani ya kikombe.

Mgeni: Mlikuwa huko ndani?

Breki: Ndani wapi?

Mgeni: Kwa dresa. Akivutwa.

Breki: Aa, hapana. Dispensari iko na mlango.

Mgeni: Unafungwa?

Ndolo: Unafungwa. Na komeo.

Mgeni aliweka kikombe chini kando ya jiwe, kahawa ikiwa nusu. Akatuangalia mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

Mgeni: Sasa mimi mtaniita nani?

Ahmednur alitikisa birika, halafu akalimwaga lote mchangani, mashapo na yote, akaingia dukani.

Na mimi ndiye niliyepaswa kujibu, maana majina ni yangu. Ningemwambia, hatutakuita kitu. Lakini jina lilikuwa limeshanijia. Lilinijia alipokaa tu, akanyoosha mguu ule, na lilikuwa jina zuri, la kuchekesha. Nadhani alilisoma usoni pangu.

Akainuka kwa fimbo, akavuta mguu kuelekea kwenye zizi, ambako lile lori la ng'ombe lilikuwa linapakiwa kurudi kwao. Hakutuambia jina lake la kweli, na hakuna aliyemuuliza. Ndolo alisimama, akaita kwa sauti kubwa, hata wauza mboga ng'ambo ya reli wakainua vichwa.

Ndolo: Wewe wa goti! Wewe wa Migwani! Hilo litaganda!

Hakugeuka. Watu wawili walimshika kwapa wakampandisha nyuma, kati ya ng'ombe, maana goti lilikataa kukunjika.