Makorongo Wanataka Jibu Kabla ya Saa Sita

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha barafu ya kusaga, pale uwanja wa Loch Hollow, nje kidogo ya Baltimore, na kila Jumapili ya Agosti linatubeba sisi wale wale: wazazi wa mabinti wa lakrosi, ule mchezo wa kudaka mpira kwa fimbo zenye wavu, watu wazima tulio na akili zetu siku sita za wiki. Mimi wananiita Birika kwa sababu chupa ya kahawa ni yangu. Binti yangu alishaacha fimbo siku nyingi, kaolewa huko, lakini benchi mimi sijaliacha. Nikiliacha nani atawanywesha hawa? Kushoto kwangu hukaa Profesa, Wade Kessler muuza mazulia, ambaye hakufundisha chuo chochote ila hakuna jambo asilolijua. Kulia ni Hamahama, yaani Colleen Vrabel, mabinti watatu, vilabu saba, na kila alikotoka aliwaachia barua ndefu. Na katikati, Jumapili hiyo, alikaa Fundi. Huyu ni Gil Tunstall, mwezeka mapaa, jitu la miraba minne, ameshika simu kama ameshika yai.

Makorongo walikuwa wamemwandikia jana yake jioni. Makorongo, ile klabu kubwa ambayo wenzetu wanalala mlangoni mwake! Binti yake Bridie kachaguliwa, wanataka jibu kabla ya saa sita mchana Jumapili, akinyamaza nafasi anapewa mwingine. Ndivyo vilabu vyetu vilivyo: Ijumaa mtoto anajaribiwa, Jumamosi anapendwa, Jumapili anaachwa. Na Kaa, timu yake ya mtaani, nao walikuwa wanafunga orodha siku hiyo hiyo. Mkewe Shauna ni muuguzi, alikuwa zamu, na aliondoka na neno moja tu: nikirudi nikute umeshaamua.

Ilikuwa saa tano na nusu. Bridie mwenyewe alikuwa uwanjani na Kaa wenzake, wanacheza mechi ya kufunga msimu. Nikammiminia baba mtu kikombe.

Fundi: Jamani, nisaidieni. Nusu saa imebaki.

Profesa: Tulia, mzee. Tuanze mwanzo. Bridie ni thelathini na tatu, siyo?

Fundi: Thelathini na tatu, ndiyo.

Kwetu huku binti wa lakrosi huhesabiwa kwa mwaka atakaomaliza sekondari. Elfu mbili thelathini na tatu, tunakata kichwa tunabakiza mkia. Hata kwenye keki tunaandika hivyo.

Profesa: Basi kubali. Thelathini na tatu wa Makorongo ni moto. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Hamahama: Mwana atakuwa wao akikubali, wewe! Fundi, usimsikilize. Pale nilikaa miezi minne. Unajua sheria yao ya wazazi? Hakuna kusema kitu. Hakuna kushangilia, hakuna kuguna. Mnagawiwa pipi za kijiti mlangoni, mnanyonya mpaka mechi iishe.

Fundi: Pipi?

Hamahama: Haki ya Mungu. Watu wazima arobaini, mstari mmoja, wananyonya. Mimi yangu niliiuma ikapasuka, refa akageuka.

Profesa: Hayo ndiyo maadili ya timu! Nidhamu! Kaa wenu wanapiga kelele kama mnada wa ng'ombe.

Mimi: Na wewe ndiye unayeongoza.

Profesa: Mimi natoa ushauri wa kiufundi.

Fundi: Nyie, mnanipoteza. Wameandika hapa, "sisi ni familia." Nitajuaje kama ni kweli?

Hamahama: Kila klabu ni familia kwenye karatasi. Mtazame kipa. Kipa akifungwa, nani anamfuata? Pale Makorongo, mwanangu alifungwa mabao sita, hakuna aliyemsogelea. Waligeuka wote kama wamesikia harufu.

Hapo nasema kweli, Hamahama alinigusa. Huyu mama ana maneno mengi, lakini hilo alilisema taratibu, na macho yake yalikuwa chini. Ingeishia hapo tungekuwa tumeambulia kitu cha maana. Lakini Profesa hawezi kuona jambo la maana akaliacha lilale.

Profesa: Kipa si kipimo. Kipimo ni msuko. Umeziona nywele za Makorongo? Mikia miwili, wote, utepe mmoja. Msuko mmoja, moyo mmoja.

Mimi: Kwa hiyo moyo uko kichwani?

Profesa: Birika, mimina kahawa. Halafu hema. Fundi, ulilipima hema lao?

Fundi: Nilipime hema la nini?

Profesa: Fundi mzima huna futi! Mimi nilihesabu hatua. Kumi na nne kwa kumi. Kivuli kikiwa kikubwa wazazi hawagombani, wazazi wasipogombana watoto wanapasiana. Ni sayansi hiyo.

Hamahama: Chini ya hema hilo hilo nilitukanwa na mwanamke wa kutoka Towson.

Profesa: Ulikuwa umekaa ukingoni. Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ndiyo maana Makorongo wanafanya mazoezi ndani majira yote ya baridi.

Fundi: Hiyo methali haina maana hiyo.

Profesa: Methali ni kama zulia, unaikata kufuata chumba.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hata Fundi alicheka, ila kicheko chake kilikatika katikati akaitazama simu. Saa sita kasoro robo.

Fundi: Nyie mnacheka, mimi naogopa. Nasema ukweli, naogopa. Mimi tangu natoka shule niko juu ya mapaa, magoti yamekwisha. Huyu mtoto akifika miaka kumi na saba, vyuo vinachagua wachezaji wa kusomesha, akanigeukia akaniambia baba, mbona ulinifungia mlango? Nitamjibu nini?

Nikamwongezea kahawa, maana sikuwa na kingine cha kumpa.

Fundi: Na nikikubali, anaacha wenzake wote. Yule mfupi mwenye miwani mikubwa pale, Nell, wanalala nyumba moja kila Ijumaa. Makorongo hawakumchukua Nell.

Hamahama: Mwenda pole hajikwai. Ndiyo maana mimi kila mwaka nahama.

Mimi: Hilo nalo linahusianaje?

Hamahama: Nahama pole pole.

Profesa: Sikilizeni, dawa ninayo. Bridie asiende kwa Makorongo mwaka huu, wala asibaki na Kaa.

Fundi: Aende wapi?

Profesa: Arudie darasa.

Fundi: Arudie? Mtoto kapata alama nzuri mpaka mwalimu kaniandikia barua!

Profesa: Alama zinamfuata nani uwanjani? Mrudishe nyuma mwaka, awe thelathini na nne. Wenzake watakuwa vitoto, yeye kifaru. Makorongo watakuja wenyewe wakitambaa. Samaki mkunje angali mbichi.

Hamahama: Yule wa Bel Air karudia mara mbili. Ana mkopo wa gari, bado yuko timu ya watoto.

Mimi: Muongo!

Hamahama: Nimemwona akija anaendesha. Tena kamshusha baba yake.

Profesa: Unaona? Tena tukisema ukweli, kosa ni la Fundi na Shauna. Mtoto kazaliwa Novemba. Angezaliwa Septemba angekuwa mkubwa wa kundi lake bila gharama yoyote. Hamkupiga hesabu?

Fundi: Wade, siku ile hatukuwa tunawaza lakrosi.

Profesa: Ndilo tatizo la nchi hii! Watu wanaingia chumbani bila mpango wa msimu!

Muuza barafu alichungulia dirishani kuona nani kafa. Hamahama alikuwa ameinama anapiga goti lake, mimi chupa nimeibana mapajani isidondoke, machozi yananitoka. Profesa peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama sasa, kikombe juu, anatufafanulia kwamba mabinti wa mkono wa kushoto hupatikana zaidi kwa akina mama waliokula kaa wengi wa mvuke mwezi wa tatu wa mimba, wenye pilipili ya kutosha, na kwamba klabu yenye akili ingefungua ofisi mlangoni mwa mahoteli ya kaa. Hamahama akamjibu kwamba mama yake alikula kaa miaka sabini, na hakuwahi kudaka kitu.

Katikati ya hilo akaja mgeni. Mama mmoja mwembamba, Lorna Haupt, ameburuta kiti cha kukunja kilichogoma kukunjuka. Alikuwa amehamia mtaani wiki ile ile kutoka Nebraska, ambako lakrosi ni adimu kama theluji huko kwenu, na binti yake alikuwa anacheza na Kaa siku hiyo kwa fimbo ya kuazima. Tulimpa nafasi mwishoni mwa benchi, tukampa kahawa, tukampa na maoni yetu yote kwa pamoja. Alisikiliza kwa adabu, kichwa kikienda huku na huku.

Lorna: Samahani. Huyo mtoto ana miaka mingapi?

Profesa: Thelathini na tatu.

Lorna aligeuka uwanjani akatafuta, na niliona jinsi macho yake yalivyotua kwa kocha, yakatoka, yakatua kwa refa.

Hamahama: Siyo umri, shoga. Huo ni mwaka atakaomaliza sekondari.

Lorna: Aa, sawa. Na umri je?

Profesa alinitazama. Mimi nikamtazama Hamahama. Hamahama akamtazama Fundi.

Fundi: Ana... ngoja. Anamaliza thelathini na tatu. Akimaliza atakuwa na kumi na saba, siyo, kumi na nane, maana siku yake inakuja kabla ya... Ngoja kwanza. Ukitoa huu mwaka...

Alianza kuhesabu kwa vidole. Baba mzima, pumzi juu, anahesabu mtoto wake kwa vidole, na sisi watatu, tuliokuwa na majibu ya mahema na misuko na mimba, hatukuwa na la kumsaidia. Profesa alifikia hatua ya kuazima kidole cha Hamahama. Simu ilionyesha saa sita kasoro dakika tano.

Hapo ndipo tulipomwona Bridie anakuja mbio kutoka uwanjani, fimbo kaiacha, miwani ya kinga kaipandisha kwenye paji la uso, na mdomo wote damu. Fundi aliruka. Simu ilianguka kwenye nyasi na kahawa yake juu yake.

Fundi: Nani kakupiga? Bridie! Nani kakupiga?

Bridie: Hakuna! Baba, limetoka! Limetoka lenyewe!

Alikuwa anacheka, damu na cheko pamoja. Akafungua kiganja. Mlikuwa na ile kinga ya meno wanayoiuma wakicheza, imejaa mate, na ndani yake jino. Jino la utoto, la nyuma, dogo kama punje ya hindi.

Bridie: Nilikuwa nalitikisa wiki nzima! Nimeuma tu, kacha! Nell kasema nisiliteme. Shika, baba. Usilipoteze, la kuweka chini ya mto usiku, niamke nikute pesa. Ukilipoteza sikusamehi.

Akamtia jino mkononi, akafuta mdomo kwa mkono wa fulana, akarudi mbio. Alipofika mstarini Nell alikuwa anamsubiri kwa hamu, na Bridie akapanua mdomo wote amwonyeshe pengo, Nell akasogeza kichwa nusura aingie kooni.

Fundi alibaki amesimama, kiganja wazi.

Fundi: Kumi. Ana miaka kumi.

Alilisema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwenye mabega yale. Mimi machozi yalinitoka ya kweli sasa, siyo ya kicheko, kwa sababu wangu naye aliwahi kuwa na miaka kumi na sikumbuki nilikuwa wapi; labda nilikuwa hapa hapa nabishana.

Aliinama akaokota simu, akaifuta kahawa kwenye suruali. Akaandika kwa dole gumba moja, mkono wa pili kaufumba. Hamahama, ambaye hawezi kukaa na jambo asilolisoma, akanyoosha shingo akatusomea kwa sauti.

Hamahama: "Kocha, asante kwa kumpenda Bridie. Mwaka huu hapana. Bado anang'oka meno."

Fundi akabonyeza. Ilikuwa saa sita kasoro dakika mbili. Akashusha pumzi ndefu, yale mabega yakashuka nayo.

Mimi: Na Shauna utamwambia nini?

Fundi: Nitamwonyesha jino.

Hamahama: Umefanya vizuri. Mimi nisingeweza, lakini umefanya vizuri.

Profesa: Jino lenyewe la nyuma, siyo? La nyuma kuchelewa hivyo ni dalili ya mifupa mirefu. Huyo atapita futi sita. Mwakani Makorongo watal...

Sote: Kaa chini, Wade!

Akakaa. Fundi hakuwa anamsikia. Alimwomba Lorna karatasi laini, akalifunga lile jino mara tatu, akalitia mfuko wa shati na kuubana kifungo. Mpaka mechi inaisha aliupapasa ule mfuko labda mara ishirini.