Jelita Hamaundu na Banda Lililokuwa na Joto

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio dukani, mlio njiani na redio mfukoni, leo tunamkumbuka Jelita Hamaundu wa Kalomo, huku kusini mwa Zambia. Majirani walimwita Bina Luyando, yaani mama yake Luyando. Jelita alifariki Jumatano, katikati ya Juni. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alifia ndani ya banda la kuku. Banda halikuwa na kuku hata mmoja. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Jelita alifuga miaka ishirini na mitatu. Vifaranga wake walitoka Lusaka, kwenye kampuni ambayo sitaji jina lake. Si kwa woga. Wenyewe wanajijua. Unaandikisha kwa wakala. Wakala anakupa siku. Siku inafika, vifaranga hawafiki.

Mwaka 2011 aliagiza mitetea mia moja. Walichelewa siku tisa. Akawalea miezi mitano akingoja mayai. Asubuhi moja banda zima likawika. Binti yake Luyando, wakati huo ana miaka kumi na minne, anakumbuka mama alisimama mlangoni na ungo wa chakula. Kisha akamkamata jogoo mmoja, akamfunga miguu, akapanda basi hadi Lusaka, akamweka juu ya meza ya mapokezi.

"Mwanangu," akamwambia karani, "huyu atataga lini?"

"Mama, huyu ni jogoo."

"Ahaa. Wewe umemtambua sasa hivi. Waliomfungasha kule nyuma wanafanyia kazi gizani?"

Walimpa kalenda ya ukutani. Akarudi na jogoo wake Kalomo, wakamla Jumapili kwa nshima, ugali wetu wa huku.

Nimeyaweka hayo kichwani tangu mwaka ule. Kampuni imesahau. Mimi sijasahau.

Sasa tuje Juni hii. Jelita aliahidiwa vifaranga mia moja Jumatatu. Kila mfugaji anajua: kifaranga wa siku moja haingizwi kwenye banda la baridi. Unawasha moto siku moja kabla, maranda ya sakafuni yapate joto. Umeme haukuwapo, kwa hiyo Jelita aliwasha majiko mawili ya mkaa. Aliwasha Jumapili. Jumatatu wakala akasema kesho. Jumanne akasema kesho. Jumatano akasema kesho.

"Mama, zima," Luyando alimwambia. "Tutawasha wakifika."

"Wale hawapigi hodi. Wakija wanakuja wanatetemeka saa hiyohiyo. Ndipo utafute kiberiti?"

Jumatano hiyo upepo ulikuwa mkali. Jelita akaziba madirisha kwa magunia, joto lisitoke. Saa nane mchana akaingia kuongeza mkaa. Akaketi kwenye ndoo apumzike kidogo. Sumu ya mkaa uliokolea haionekani, wala hainuki. Saa kumi Luyando akamkuta pale chini. Maranda yalikuwa na joto. Narudia, wasikilizaji: banda halikuwa na kuku hata mmoja.

Alhamisi nyumba ilijaa waombolezaji. Akina mama arobaini walikaa sakafuni, bega kwa bega. Simu ya marehemu ikalia. Alikuwa wakala.

"Vifaranga wako wamefika. Usipokuja kabla ya saa saba nawapa wengine."

Luyando akasimama. Shangazi yake Rhoda, dada wa baba yake, akamshika nguo.

"Unakwenda wapi? Mfiwa hatoki kwenye mkeka."

"Nakwenda kuwachukua."

"Mama yako hajazikwa, mtoto wewe."

"Najua, shangazi. Amewawashia moto siku nne."

Rhoda akamwachia.

Alirudi na boksi. Hakuna aliyetaka kuingia kule bandani, wala yeye hakutaka. Akaliweka katikati ya sebule, mle mlimokuwa na joto la watu arobaini. Akaomba bakuli la maji. Kifaranga mgeni huchovywa mdomo majini, mmoja mmoja, ajue maji ni nini. Luyando akaanza. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

"Sikuwa na machozi," ameniambia. "Sikuwa na kitu. Mikono tu ndiyo ilikuwa inafanya."

Shangazi Rhoda akasogea kwa magoti. "Lete hapa. Unawashika kama viazi."

Akafuata jirani, kisha mwingine. Kilio kikashuka, kwa sababu vifaranga hushtuka. Akina mama wakawachovya wote, wakawapakata kwenye vitenge vyao. Walikuwa mia na mbili, wawili wakiwa nyongeza ya kufidia wale wanaofia njiani. Hakuna aliyekuwa amekufa.

Jelita alizikwa Ijumaa.

Kwako Luyando, kwako shangazi Rhoda, kwa ukoo wote wa Hamaundu, tunawapa pole. Hatuna neno la kuongeza juu ya pole.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa, lifikirieni jambo hili mkiwa wima, si mkiwa mmelala. Msizibe madirisha yote. Acheni nafasi ya kiganja, hata kukiwa na baridi. Na mkienda kwa wakala mkaambiwa kesho, muulizeni ni kesho ya tarehe gani. Aiandike mbele yenu. Atie sahihi. Kabla hajaandika, msiwashe.