Bibi Pua na Kopo la Biskuti Zilizovunjika

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mwokaji mkuu wa kiwanda chetu cha biskuti anastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kazi. Alipoanza aliitwa Dada Pua. Miaka ikasogea akawa Mama Pua, na sasa hata mkurugenzi humwita Bibi Pua bila kuona haya. Faili lake lina jina jingine kabisa, lakini karani wa ofisi anakiri kwamba akilitafuta huanzia herufi P.

Aliingia kama mwosha trei. Kiwanda kilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la mwasisi wetu, muuza unga ambaye mkewe alianza kuoka biskuti ili unga unaobaki chini ya magunia usiharibike. Tanuri lilikuwa moja, halina saa wala kipimajoto. Wiki ya tatu, akiwa ameinamia karo lenye povu, Dada Pua alisema trei ya juu kushoto inaungua. Mwokaji wa wakati ule alicheka, akafungua mlango, akaacha kucheka. Siku hiyohiyo binti wa karo alikabidhiwa tanuri, na yule bwana akanuna hadi alipostaafu.

Waliokuja juzi hawajui mtaa huu ulivyokuwa. Kila mlango ulikuwa na mtu wa chakula: mkaanga kahawa pembeni, mtengeneza siki mkabala naye, mama wa pipi aliyechemsha sukari katika sufuria ya shaba, na msaga karanga ambaye mashine yake ilitikisa vikombe vyetu kabatini. Hakuna aliyeajiri zaidi ya watu watano. Asubuhi, mwanga ukiwa bado wa kijivu, kabla ya kuwasha tanuri, Bibi Pua alisimama mlango wa nyuma, akafumba macho, akauacha mtaa umjie. Kwanza kahawa, nzito. Kisha karanga. Kisha sukari iliyoanza kuyeyuka, ikielea juu ya uchachu wa siki. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, lakini yeye aliwaona majirani wakiamka mmoja mmoja, na alitabasamu kwa kila mmoja.

Msimamizi mmoja mgeni alimkuta hivyo akamwandikia barua ya onyo kwa kosa la kulala kazini. Bibi Pua alitia sahihi bila ubishi, akaibandika ukutani karibu na tanuri. Ipo mpaka leo, imeshakuwa rangi ya biskuti.

Kufumba macho kule kulikuwa na maana yake. Ikiwa harufu ya mlango fulani haijafika mpaka trei ya pili inatoka, alijaza kopo la bati biskuti zilizovunjika akalipeleka mwenyewe, kuuliza kuna nini. Mara nyingi ilikuwa kuni mbichi, au mtu kapitiwa na usingizi. Lakini siku moja alimkuta mama wa pipi ameanguka nyuma ya meza yake, mguu umevunjika, akakaa naye mpaka msaada ulipofika. Trei sita ziliungua siku hiyo, na mwasisi akazitupa mwenyewe. Kopo halikurudi tupu hata mara moja. Likija na karanga za moto, tulizigombania waziwazi.

Kisha harufu zikaanza kupungua kwa namna ambayo kopo halikuweza kutibu. Bidhaa za viwanda vikubwa ziliingia madukani na karatasi zake za kung'aa. Mtengeneza siki alihamia kwa watoto wake. Mama wa pipi alizeeka, na sufuria yake ikapandwa maua. Msaga karanga aliuza mashine, na vikombe vyetu vikatulia. Kuna asubuhi Bibi Pua alirudi ndani machozi yakimlengalenga. Alibaki mkaanga kahawa, na sisi.

Sasa nieleze jambo ambalo ofisi hailijui, mwenyewe ameniruhusu. Mimi ni mpakiaji wa meza ya kwanza, hatua tatu kutoka tanuri. Miaka mitatu iliyopita, baada ya mafua makali, Bibi Pua alirudi kazini akasimama mlangoni kama kawaida. Wiki iliyofuata mkaanga kahawa aliingia akijikongoja kwa fimbo. Alikuwa amelala mgonjwa siku tano bila kuwasha moto, na kopo halikufika. Alisema hakuja kulaumu, alitaka tu kujua kama huyu dada yake wa mtaani yu hai. Bibi Pua aliketi juu ya gunia la unga akalia. Tangu mafua yale, pua yake haikuwa ikisikia harufu yoyote. Alikuwa akioka kwa mazoea na kwa kubahatisha, akiogopa kwamba akisema ataambiwa aende nyumbani, na tanuri hilo lililomlelea watoto bado lilikuwa likimsomeshea mjukuu.

Tulikubaliana watatu palepale. Tangu siku ile nikanusa mimi, akaamua yeye. Mwanzoni nilijua kusema tu kwamba inanukia vizuri, naye akakataa katakata. Alitaka kujua vizuri vipi. Nikajifunza kusema: unga mbichi, maziwa yaliyochemka, karatasi mpya, shuka lililoanikwa juani. Kwenye shuka aliniambia nisubiri. Baada yake huja kitu kifupi sana, kama kabati la zamani la mbao linapofunguliwa, na hapo aliamuru trei itoke. Kwa miaka mitatu hatujaunguza, isipokuwa siku niliyopata mafua mimi. Mkurugenzi akisoma hapa atusamehe, ila ile tuzo ya ubora ya mwaka jana hatuirudishi.

Jumatatu wiki hii alitaka nioke peke yangu. Yeye alikaa uani na mkaanga kahawa, wamenipa migongo. Nilisimama mlango wa nyuma nikafumba macho. Kahawa ilikuwepo. Nikawasha. Ukaja unga, yakaja maziwa, ikaja karatasi, likaja shuka, nikasubiri. Kabati likafunguka, nikatoa. Nilimpelekea biskuti moja. Aliivunja karibu na sikio, akasikiliza, akampa mkaanga kahawa nusu, akala nusu yake. Kisha akaenda rafuni akanishushia lile kopo.

Bibi Pua, asante kwa kututunza, sisi na mtaa mzima. Unahamia kwa binti yako, mbali na upepo wetu, kwa hiyo kila Jumamosi kopo litakuja kwako, na ndani yake kikaratasi cha harufu za asubuhi hiyo. Ukae salama, ulale mpaka jua lipande, mjukuu akusumbue kwa kiasi. Na kopo likichelewa kurudi, tutazima tanuri, tumchukue mkaanga kahawa, tuje kugonga mlango.