Fundi Meno na Nusu ya Kliniki

Shemeji wa marehemu, kaka mkubwa wa mkewe, alimfahamu Mei 1998, alipomjia dukani, katikati ya vitanda vya hospitali vilivyokwisha tumika. Marehemu alikuwa amefuata tanuri dogo la kuokea meno ya kauri. Shemeji akataja bei. Marehemu akacheka, akaaga, akafika mlangoni, akarudi. Aliaga na kurudi mpaka jua likahamia upande wa pili wa barabara.

"Kaka, mwonee huruma, ameshachoka kuaga," alisema dada mdogo wa shemeji, aliyekuwa akishika duka.

Tanuri liliondoka kwa bei ya mnunuzi. Tarehe 18 Desemba 1999 dada huyo naye akaondoka, kwa ndoa na mnunuzi yuleyule, na safari hiyo hakuna aliyepunguziwa kitu.

Fundi Meno, kama sote tulivyomwita, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1970 nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga. Shuleni alichonga chaki kwa wembe hadi walimu wakawa wanamficha kopo. Mwaka 1995 alihitimu chuo cha afya, fani ya kutengeneza meno ya bandia.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Alijenga jino kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, kisha akalisaga mpaka lifanane na jirani yake mdomoni. Vumbi lilimkaa hadi kwenye kope. Kitambaa cha puani alikivaa alipokumbuka, na jioni mkewe alimkung'uta mlangoni kama zulia.

Mwaka 2014 shemeji alifungua kliniki na kununua mashine ya kuchonga meno kwa kompyuta. Daktari anapitisha kamera ndogo mdomoni, analichora jino kwenye skrini, kisha mashine inalichonga kutoka kipande cha kauri ndani ya kisanduku kilichofungwa, maji yakimwagika, vumbi lisitoke. Anayeingia asubuhi anatoka na kofia ya kauri iliyovikwa juu ya jino lake bovu siku hiyohiyo. Kilichokosekana ni mtu wa kutia rangi, maana meno yalitoka na umbo zuri lakini meupe kama sahani. Shemeji akamwendea Fundi.

"Njoo tufanye kazi. Nusu ya kliniki iwe yako."

Hiyo ilikuwa bei ya mwisho. Ilitajwa mwanzo kwa sababu ilikuwa ya nyumbani.

"Shemeji, tunajuana," Fundi akajibu. "Wewe ukianza na nusu, ndani kuna zaidi."

"Hakuna zaidi."

"Basi acha kwanza ikae."

Ikakaa. Walikutana kwenye harusi na misiba, wakaulizana hali, kila mmoja akingoja mwenzake asogee. Fundi akaanza kukohoa. Alisema ni vumbi tu, na kweli lilikuwa vumbi.

Machi 2019 daktari wa kifua alimwonyesha picha ya mapafu yake: makovu ya miaka ya kusaga, na dawa ya kuyafuta hakuna. Wiki iliyofuata alifika kliniki na brashi zake ndani ya kopo la biskuti.

"Shemeji, ile bei bado ipo?"

"Ipo palepale."

"Kumbe ilikuwa ya mwisho kweli!"

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia. Ila uliniambia kama muuzaji."

Mgonjwa wake wa kwanza pale alikuwa mwalimu. Kauri ile ikitoka kuchongwa huwa ya zambarau. Hugeuka rangi ya jino ikishaokwa. Mwalimu alipojaribishwa akajitazama kwenye kioo na kuruka kitini. "Fundi! Kesho nasimamia mtihani na jino la zambarau?"

"Tulia, mwalimu, hilo bado bichi. Likiiva litakuwa zuri kuliko ya kwangu."

"Ya kwako yana rangi ya chai!"

"Basi umeona, sikukuahidi makubwa."

Alifanya kazi ameketi, baadaye akiwa na mtungi wa oksijeni miguuni. Novemba 2021 hakuweza tena kupanda ngazi. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 11 Februari 2022, mkewe akiwa amemshika mkono.

Daktari wa kifua hakuahidi kwamba kuacha vumbi mwaka 2014 kungemponya. Alisema tu kwamba kungemwachia pumzi zaidi. Fundi aliipata nusu yake, kwa maandishi, na sasa ni ya mjane wake. Kuingoja iongezeke kulimgharimu kifua. Shemeji alipata mbia aliyemtaka, akakaa naye muda usiofika miaka mitatu. Kwa bei hiyohiyo wangeweza kuwa pamoja minane.

Ameacha mama yake mzazi, mke, mabinti wawili na shemeji mmoja. Apumzike sasa, avute pumzi bila kukohoa.